Isovalini ya Mkono wa Kulia

Mistari miwili ilijitokeza kwenye kioo cha mashine, mmoja mfupi, mwingine mrefu, na Dakta Winfrida Luhwago akajua kwamba kuna kosa mahali. Lililobaki ni kujua liko wapi: kwenye mashine, kwenye mikono yake, au kwenye vitabu alivyosomeshwa.

Hakumwita mtu. Alirudia kipimo tangu mwanzo. Alianza na sampuli tupu, yaani mchanga uliochomwa hadi kikaisha kila kilichowahi kuugusa, akaupitisha njia ileile liliyopitishwa jiwe la angani alilokuwa akilipima: kusagwa, kuchemshwa kwa maji safi ndani ya bomba la kioo lililozibwa kwa moto, kukaushwa, kupikwa kwa asidi, kisha kusukumwa kwenye safu nyembamba inayotenganisha molekuli moja na nyingine. Mchanga haukutoa kitu. Mashine ilikuwa nzima na mikono yake ilikuwa safi. Akaingiza tena unga wa jiwe. Mistari ikarudi palepale, mfupi na mrefu.

Asidi amino zina mkono. Molekuli mbili zinaweza kuwa na atomi zilezile, zimeshikana kwa utaratibu uleule, na bado zikatofautiana kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Viumbe wa Dunia, kuanzia bakteria hadi tembo, hujenga miili yao kwa zile za kushoto. Vimondo havina upendeleo huo. Asidi amino zinazojiunda zenyewe ndani ya mawe ya angani huja karibu nusu kwa nusu, na zikipishana, za kushoto ndizo huzidi, tena kidogo. Mojawapo huitwa isovalini. Mwili wa binadamu hauitumii kabisa, na ndiyo sababu wapimaji wa vimondo huitafuta: ukiikuta kwenye jiwe, hujakuta jasho la mtu.

Katika jiwe hili, isovalini ya kulia ilikuwa mara tatu ya ile ya kushoto.

Winfrida alizima kioo, akanawa, akaketi. Ukutani mbele yake kulikuwa na ramani ya shimo la barafu ambalo kituo cha Kisima kilijengwa ukingoni mwake, upande wa kusini wa Mwezi, mahali ambapo jua halijawahi kufika chini. Watu mia tatu walikunywa barafu ile na kuivuta kama hewa baada ya mitambo kuipasua. Jiwe lilitoka humo humo. Lilianguka zamani sana, likazikwa, likahifadhiwa na baridi. Mzee Fulgensi Kihwele, mjiolojia wa kituo, alilichomoa kwa koleo lililochomwa moto, akaliweka kwenye sanduku lisilopitisha hewa, akasema atalikata wiki inayofuata. Wiki iliyofuata moyo wake ulisimama.

*

Mkuu wa kituo, Bwana Nassoro Kilumanga, alibisha hodi baada ya chakula cha mchana akiwa na sahani iliyofunikwa.

"Daktari, nimeambiwa hujaonekana mezani. Nikasema huyu ama amegundua kitu, ama ameharibu kitu."

"Kaa, Bwana Kilumanga. Kiti cha kushoto, hicho kingine kimevunjika mguu."

Alimweleza kwa mpangilio, bila kuzunguka. Kilumanga alikuwa mhandisi wa maji kabla ya kuwa mkuu, na alisikiliza kama mhandisi, akiuliza kuhusu sampuli tupu kabla ya kuuliza kuhusu jiwe. Winfrida alimheshimu kwa hilo.

"Mkataba wa Barafu," alisema Kilumanga mwishoni. "Kifungu cha tisa."

"Ndiyo. Zikipatikana molekuli za kikaboni zenye mkono usioelezeka kwa kemia inayojulikana, uchimbaji unasimama, watu wanaondoka, na shimo linaachiwa watafiti wachimbe kwa mkono, bila mitambo."

"Kwa hiyo tumekwisha."

"Bado. Kuna kuvu."

Kilumanga aliinua macho.

"Duniani kitu kinachotengeneza isovalini kwa wingi ni kimoja tu," Winfrida alisema. "Kuvu za udongoni, zile zinazochanganywa kwenye mboji ili zilinde mizizi. Huiunganisha katika minyororo mifupi ya kuulia maadui zake. Na mara nyingi hutumia ile ya kulia."

"Na sisi tunazo kuvu hizo?"

"Bustani nzima."

Mabega ya Kilumanga yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, na hakuwa amecheka tangu mazishi.

"Kandida wa bustani," alisema.

"Kandida," Winfrida alikubali.

Marehemu alikuwa Mhehe, na Winfrida ndiye Mhehe mwingine pekee pale Kisima, kwa hiyo msiba ulikuwa wake. Kandida Ngonyani, msimamizi wa bustani, alikuwa Mngoni, na msiba ulikuwa wake pia kwa namna nyingine. Mababu wa pande hizo mbili walipigana mpaka wakachoka, wakawa watani. Tangu hapo Mhehe akifiwa, Mngoni huja kufanya vituko, na Mngoni akifiwa, Mhehe hulipa. Mtani msibani hazuiwi. Akichukua kitu cha marehemu, kinakaa kwake mpaka mfiwa akikomboe. Desturi hiyo ilifika Mwezini bila kuombewa kibali.

Siku ya msiba Kandida alitoka bustanini moja kwa moja, mikono haijaona maji. Alivaa ovaroli ya marehemu, suruali ikiburuta, akatia miwani yake, akaingia maabara na kulitoa jiwe sandukuni. Alizunguka nalo ukumbi wa chakula kiganjani, ameinamisha kichwa upande kama Mzee Fulgensi alivyozoea. "Vijana! Jiwe hili lina umri mkubwa kuliko bibi zenu wote mkiwajumlisha, na hamjalisikia likilalamika magoti!" Watu walilia kwa kicheko, na wengine walilia kabisa. Kisha likamponyoka. Mwezini kitu huanguka polepole. Kila mmoja aliliona likishuka na hakuna aliyelidaka. Mawe meusi ya aina ile, yenye kaboni nyingi, hayana nguvu kuliko udongo mkavu, nalo lilipofika sakafuni lilipasuka kama kashata. Kandida akalizoa kwa viganja vyake, lote, pamoja na vumbi.

Winfrida alilikomboa kwa pakiti ya sukari. Alikuwa mkemia wa miaka ishirini, na alijua vizuri mkono mtupu unafanya nini kwa sampuli. Kumzuia Kandida hakukumpitia hata akilini. Mtani hazuiwi. Baadaye wachimbaji walitafuta kipande kingine barafuni, wasipate.

"Basi imekwisha hapo," alisema Kilumanga. "Uchafuzi. Kuvu ya bustani. Ina maelezo, ina mashahidi mia tatu."

"Ina maelezo yanayowezekana. Sijui kama ni ya kweli."

"Unaweza kujua?"

"Naweza. Zimebaki gramu mbili kasoro. Nikizipima uzito wa hidrojeni, nitajua isovalini hii imezaliwa wapi. Ila zitateketea zote. Hakuna mtu atakayeweza kurudia."

Kilumanga aliisogeza sahani karibu naye, akaifunua. Wali ulikuwa umepoa.

"Dada Winfrida," alisema, na hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo. "Sikuombi uandike uongo. Nisingekuomba. Nakuomba usipime tena. Ulichonacho kinatosha kuandika kwamba jiwe lilichafuka. Ni kweli lilichafuka. Kuna watu hapa mifupa yao haiwezi tena kubeba miili yao Duniani. Utawashusha kwa viti vya magurudumu kwa sababu ya gramu mbili?"

"Nikiandika uchafuzi, kanuni inataka nimtaje aliyechafua. Anashushwa, na hafanyi kazi tena nje ya Dunia."

"Najua."

"Kandida ana miaka kumi na moja hapa. Yeye ndiye wa kwanza katika hao wa viti vya magurudumu."

"Hilo nalo najua," alisema Kilumanga. "Kula, chakula kinaganda."

*

Ili kulinganisha, alihitaji kuvu yenyewe. Kesho yake asubuhi alichukua chupa safi na kijiko kilichochomwa, akashuka bustanini.

"Hodi."

"Hodi ya nani?" Sauti ilitoka nyuma ya matuta ya nyanya. "Kama ni Mhehe, humu hatufugi mbwa wa kitoweo, rudi na njaa yako."

"Nimekuja kuomba mboji, Mngoni. Kijiko kimoja."

"Mboji! Siku ile mlipokimbia mliacha mpaka vyungu mekoni, leo mnarudi kuomba udongo."

"Nani alikimbia?"

"Kamuulize babu yako, kama ameshasimama."

Kandida alijitokeza. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, kitambaa kichwani, na kwenye mvuto mdogo wa Mwezi alitembea kwa kurushia miguu pembeni, kama watu wote waliokaa muda mrefu. Aliitazama chupa, akamtazama Winfrida, na uso wake ukatulia.

"Kilumanga amepita hapa jana," alisema. "Amenieleza."

"Hakupaswa."

"Lakini amenieleza. Niandike."

"Nikuandike nini?"

"Kwamba nimelichafua jiwe. Si kweli?"

"Kweli ni kwamba ulilishika. Kama ulicholiachia ndicho nilichokiona, hilo ndilo ninalotaka kupima."

"Wewe na kupima kwako." Kandida aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Nisikilize, mtani. Kazi yangu msibani ni nini? Kubeba aibu, ili mfiwa abaki na machozi yake tu. Nimecheza ngoma kwenye misiba ya watu nisiowajua hata majina, nimevaa suruali za wafu, nimetukanwa na wajane. Na hii leo inanishinda?"

"Watakushusha."

"Na usiponiandika? Kisima kikifungwa nani atabaki kumwagilia nyanya? Mimi nashuka kwa vyovyote vile. Kinachobaki ni kuchagua kama nashuka peke yangu au na watu mia tatu. Wewe si msomi? Nioneshe hapo nimekosea wapi."

Winfrida alitafuta kosa. Aliipitia hoja kipande kwa kipande, kama anavyopitia hesabu za mwanafunzi, na hakuona pa kutia alama nyekundu. Kama kinachohesabiwa ni watu waliopo Kisima, Kandida alikuwa sahihi.

"Hujakosea," alisema. "Na kama si wewe?"

"Nani atajua?"

"Hakuna. Ndiyo shida yenyewe. Mitambo itaendelea kusaga barafu. Kama humo kuna jiwe jingine lenye kitu hicho, litasagwa pia, litachujwa, na sisi tutalinywa."

Kandida alitazama bomba la maji lililopita juu ya matuta.

"Tumekuwa tukilinywa miaka yote hii," alisema polepole.

"Huenda."

"Ni kitu gani?"

"Sijui. Huenda ni kemia tu, ya namna ambayo hatujaiona. Huenda ni kitu kilichowahi kuishi mahali fulani na kikachagua mkono wa kulia, kama sisi tulivyochagua wa kushoto. Nikiandika jina lako, swali hilo linafungwa, na hakuna atakayelifungua tena, kwa sababu jibu litakuwa tayari limeshaandikwa."

Pampu ilijiwasha, ikanyunyizia matuta ya mbali, ikazima.

"Nipe mboji," alisema Winfrida.

Kandida aliinuka kwa kujisukuma kwa mikono. Alichota kutoka kwenye tuta lile alilokuwa akilipalilia siku ya msiba, akajaza chupa. Kisha, bila kuombwa, akakwangua chini ya kucha zake kwa ncha ya kijiko na kuongezea.

"Hii nayo," alisema. "Usije ukasema Mngoni alikuficha ushahidi."

*

Hidrojeni ipo ya kawaida, na ipo nzito, nadra zaidi. Molekuli zilizoundwa kwenye baridi kali iliyo kati ya nyota na nyota hukusanya hidrojeni nzito kwa wingi kuliko maji ya Dunia. Kwa hiyo ukiipima isovalini moja moja, ya kushoto peke yake na ya kulia peke yake, utajua ilikozaliwa. Ila kulikuwa na mtego ambao mkemia wa Duniani asingeufikiria. Kuvu ya Kandida ilikunywa maji ya Kisima, na maji ya Kisima yenyewe yalikuwa mazito, kwa kuwa sehemu ya barafu ile ililetwa na nyota zenye mkia. Kuvu ya hapa ingeweza kujifanya mgeni wa angani. Ndiyo maana alihitaji chupa ile.

Alipima mboji kwanza. Isovalini ya kuvu ilikuwa na hidrojeni nzito mara mbili ya kiwango cha maji ya Dunia, sawasawa na maji ya bomba.

Kabla ya kuligusa jiwe alichukua kalamu akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa: *Chini ya mara tatu, kuvu. Juu ya mara tatu, jiwe.* Akamwita Kilumanga aje asome, akamwomba aweke sahihi pembeni.

"Ya nini hii?"

"Nikishaona namba nitatamani kuhamisha mpaka. Sasa siwezi."

Kilumanga alisoma mara mbili, akaweka sahihi, akabaki amesimama. Winfrida alimimina unga wote uliobaki. Ulikuwa mweusi, mwepesi, na haukufika nusu ya kijiko cha chai. Kazi ilichukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili, na Kilumanga alikuwa akienda na kurudi, kila mara akikuta ubao ulivyo.

Alanini, asidi amino ya kawaida ya viumbe hai, ilitoka kwanza, ya kushoto tupu, na uzito wake ulikuwa wa bustani. Hapo mkono wa Kandida ulionekana wazi kabisa, pamoja na jasho lake. Winfrida aliandika. Kisha ikatoka isovalini ya kushoto: mara nne na nusu. Hiyo ilikuwa ya jiwe, na hakuna aliyeishangaa. Wakasubiri ya kulia. Mashine ilichora mstari mrefu bila haraka, ikaupanda, ikaushuka, ikatoa namba.

Mara nne na nusu.

Mikono yote miwili ilizaliwa nyumba moja. Kandida alilichafua jiwe, lakini hakuleta kile kilichotafutwa.

Kilumanga aliutazama ubao, akaitazama sahihi yake. "Na hakuna kilichobaki cha kurudia."

"Hakuna. Nimeandika hivyo pia."

"Wenzetu Duniani watasema kipimo kimoja hakitoshi."

"Watakuwa na haki. Ndiyo maana kifungu kinasema uchimbaji usimamishwe, litafutwe jiwe jingine. Hakisemi tuamini. Kinasema tusisage."

Ripoti ilihitaji sahihi mbili. Winfrida aliitia yake, akaisogeza. Kilumanga alishika kalamu muda mrefu.

"Tuitume baada ya chakula cha jioni," alisema. "Waache wale mlo mmoja wakiwa kwao. Namba haitabadilika kwa saa chache."

"Namba haitabadilika," alisema Winfrida. "Mimi ndiye naweza kubadilika. Nikikaa nao mezani, nikawatazama, sijui kama nitarudi hapa."

Kilumanga alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Akatia sahihi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeituma, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwenye kipaza sauti kuwatangazia watu, kwa maneno machache, kwamba uchimbaji umesimama, kwamba watashushwa kwa zamu, wenye afya dhaifu wakitangulia pamoja na madaktari, na kwamba jiwe halikuharibiwa na mtu yeyote.

*

Jioni ile wahudumu wa chakula walikuwa watu wa bustani. Foleni ilikuwa kimya kuliko siku ya msiba. Winfrida alijipanga kama wengine. Mbele yake watu walizungumza kwa sauti ya chini kuhusu ndugu, kuhusu viungo, kuhusu mvua, na walipomwona nyuma yao hawakumtukana wala hawakumpisha.

Alipofika mbele, Kandida alikuwa ameshika upawa. Alipakua ugali na mchicha, akaongeza kipande cha nyanya, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa. Kisha akaitoa kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama anavyopewa mgeni aliyetoka mbali.

"Karibu chakula, Daktari."

"Ahsante, mtani."

"Nimesikia tangazo. Umefanya sawa."

Winfrida hakuondoka mara moja. Alisimama na sahani yake, akisubiri neno la kumchokoza, lolote, hata baya. Kandida alimtazama kwa utulivu na heshima, bila hasira usoni, akangoja apishe njia.

"Daktari," alisema kwa upole, "kuna wenzako nyuma."

Alipisha. Alitafuta nafasi mwishoni mwa benchi, akaketi, akanawa. Tangu azaliwe hakuna Mngoni aliyewahi kumfanyia adabu kiasi kile. Alimega tonge, akala polepole, na hakuinua uso mpaka sahani ilipokwisha.